Kura Aliyopigiwa Kinyozi

Mahakamani walimwita Neno-kwa-Neno, na jina hilo alilipata kwa kisa cha mwizi wa kuku. Siku hizo hakimu alikuwa mgeni aliyeletwa kwa mkataba, Kiswahili hajui hata cha kuombea maji. Mwizi alipoulizwa kama ana la kusema kabla ya hukumu, alikuwa nayo mengi. Alimtukana hakimu, akaja kwa mama yake hakimu, akamalizia na koti la hakimu ambalo, kwa maoni yake, lilishonwa na mtu mwenye chuki binafsi. Mkalimani, wakati huo msichana mwembamba aliyeajiriwa juzijuzi, akageuka akayatoa yote, tusi baada ya tusi, kwa sauti ile ile aliyotumia kusoma tarehe za kesi. Chumba kizima kiliacha kupumua. Hakimu alisikiliza mpaka mwisho, akajitazama kifuani, akasema kuhusu koti huenda mshtakiwa ana hoja.

Kuanzia hapo sifa zake zikaenea. Watu walijua kwamba ukisema kitu mbele ya yule dada, kitafika upande wa pili kikiwa na mikono na miguu yake yote. Hatii chumvi, hapunguzi, hapambi. Mjane akilia katikati ya sentensi, naye anakata pale pale alipokata mjane, anangoja. Mwanasheria akisema upuuzi, upuuzi huo unavuka ng'ambo ukiwa mzima, wala hautiwi akili njiani.

Kazini hiyo ilikuwa sifa. Nyumbani ilikuwa balaa. Shangazi yake aliwahi kumuuliza wageni walisemaje kuhusu wali wake, naye akamwambia. Shangazi alikaa mwaka mzima bila kumwalika. Majirani, ambao walimwita Bi Neno kwa kifupi, walijifunza wenyewe kutomuuliza lolote wasilotaka kulijua, na mimi nisingewalaumu.

Hakuolewa. Wapo waliosema ni kwa ajili ya mdomo wake, lakini huo ni umbea. Ukweli ni kwamba baba yao alipofariki, yeye alikuwa binti mkubwa na mdogo wake alikuwa bado anabebwa. Mama alikwenda kufua nguo hospitalini, akawachukua wote wawili, na mtoto akabaki mgongoni kwa dada. Kule hospitalini ndiko Bi Neno alikookota lugha ya kigeni, kutoka kwa watawa waliokuwa wakigombana na madobi kutwa nzima, naye katikati akiwa na mtoto mgongoni akiwaambia hawa walichosema wale. Mtoto huyo alikua, dada akamsomesha mpaka chuo cha ualimu, akamfunga kitenge siku ya harusi yake, akamshika mkono siku aliyojifungua. Ukimuuliza Bi Neno ana watoto wangapi alijibu hana, kwa kuwa ndiyo kweli. Lakini mtu aliyemwona akimpokea mdogo wake, Mwalimu, jioni, pale mlangoni, asingehitaji kuuliza.

Kila jioni Mwalimu alipita. Shule yake ilikuwa mtaa wa pili. Aliingia na chaki kwenye mikono ya gauni, akamkanda mama magoti, akanywa chai, akasimulia vituko vya darasa la tatu, akaondoka kabla giza halijaingia. Hiyo saa moja ndiyo Bi Neno aliyoishi kwa ajili yake. Nyingine zote zilikuwa za kupitisha.

Mwaka aliostaafu, uchaguzi ukaja, na pamoja na uchaguzi wakaja waangalizi wa kimataifa.

Neno lenyewe liliwachekesha watu. "Waangalizi," alisema muuza mkaa, "kwani sisi wagonjwa?" Mama yao naye alisema kama ni watu wa kuangalia, basi waanzie kwake, magoti yamemchosha na daktari hamwangalii vizuri. Bi Neno akajaribu kueleza: hawa hawahudumii mtu, wanatazama. Wanaingia vituoni, wanaona jinsi kura zinavyopigwa na kuhesabiwa, wanaandika, wanaondoka, na dunia inasoma. Hawaruhusiwi kushika kitu. "Hata meza ikimwelemea mtu?" mama aliuliza. Hata meza ikimwelemea. "Basi hao nao wana kazi," mama alisema, "kutoka huko kote kuja kutumbua macho."

Bi Neno aliwapenda bila kuwaona. Watu wasioongeza wala kupunguza: alihisi ni ndugu zake wa ufundi. Walipotafuta wakalimani, alikwenda siku hiyo hiyo.

Wakampa timu ya watu wawili. Mmoja alikuwa mama mrefu mwenye mvi, jaji mstaafu huko kwao, aliyetembea mikono nyuma kama mtu aliye makumbushoni. Wa pili alikuwa kijana wa ndevu, mwenye huruma nyingi na miguu isiyotulia. Kwenye kituo cha kwanza, asubuhi ya uchaguzi, kijana huyo alimwona bibi mmoja akihangaika na kiti, akakimbilia kukishika. Jaji alikohoa mara moja tu. Kijana akakiachia kiti kama kimemchoma. Bi Neno alifurahi moyoni.

Walizunguka vituo vinne, na mambo yalikuwa shwari. Watu walipanga foleni, wakalalamikia jua, wakachovya vidole kwenye wino, wakatoka wakivionyesha. Mkalimani alitafsiri maswali ya kawaida na majibu ya kawaida. Walipokuwa garini kuelekea kituo cha tano, Bi Neno akasema, "Kabla hatujafika. Msimamizi wa kituo kinachofuata ni mdogo wangu. Tumbo moja. Tafadhalini tafuteni mkalimani mwingine kwa hapo."

Jaji aliongea kwa simu, akasikiliza, akaifunga. Mwingine hakuwepo karibu. "Utaweza?" alimuuliza.

"Kazi naiweza," alijibu Bi Neno. "Nafsi yangu siwezi kuisemea."

Jaji akaandika jambo, akasema waende.

Kituo kilikuwa darasa la tatu, lile la Mwalimu mwenyewe. Madawati yamesukumwa ukutani, herufi za watoto bado zimebandikwa juu ya ubao. Boksi la kura la plastiki limewekwa juu ya meza ambapo kila mtu analiona, na kwenye pembe kuna kibanda cha maboksi cha kujificha ukiweka alama. Mawakala wa vyama wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti yamewafika videvuni. Na katikati ya yote Mwalimu, kavaa gauni la bluu la sherehe, beji kifuani, anaelekeza watu kwa sauti ile ya kupangia watoto mstari. Wazee wazima walikuwa wanamtii. Bi Neno alipomwona, kifua kilimjaa, akalazimika kutazama sakafu ili sura ya kazi isimtoke.

Jaji alikaguakagua, akauliza maswali mawili, akaridhika. Wakatoka nje kwenye kibaraza cha madarasa. Ilibaki kupanda gari tu. Laiti wangepanda.

Lakini nyuma yao mlangoni alitoka Kinyozi. Nusu ya wanaume wa mji ule walinyolewa na mzee huyo kwa mara ya kwanza, mpaka macho yalipofifia polepole, kisha yakazima kabisa. Sasa alitembea na fimbo. Jirani alimleta asubuhi akamwacha langoni, naye akajisogeza mwenyewe kwa sauti za watu. Alipofika kibarazani aliinua kidole chenye wino juu, bila kujua kimeelekea wapi.

"Kura yangu tayari!" alitangaza. "Mwalimu kanipigia mwenyewe. Sikupata taabu hata kidogo!"

Foleni ikacheka kwa furaha. Kijana wa ndevu naye akatabasamu, maana furaha haihitaji mkalimani. "Anasemaje?" akauliza.

Bi Neno alifungua kinywa, akakifunga.

Mtu asiyewahi kutafsiri anaweza kudhani hapo hapana kitu. Kanipigia. Neno dogo, sote tunalitumia. Lakini hebu litazame. Ukimbebea mtu kikapu, kikapu kinabaki chake, wewe umetoa mgongo tu. Ukimlia mtu chakula chake, chakula ndiyo basi, yeye kabaki na njaa. Mwisho wa maneno yote mawili ni ule ule, na Kiswahili hakioni haja ya kukwambia ni upi. Unajua mwenyewe, kwa kuwa ulikuwepo. Lugha ya wageni haikuwa na uvumilivu huo. Ilikuwa na msemo mmoja kwa maana ya kwamba mwalimu alimsaidia kuweka alama aliyoitaka, jambo ambalo sheria inaliruhusu kwa asiyeona na asiye na mtu, mawakala wakitazama. Na ilikuwa na msemo mwingine kabisa kwa maana ya kwamba mwalimu alipiga kura hiyo badala yake. Huo wa pili ni kosa.

Bi Neno angeweza kuchukua msemo wa kwanza. Hakuna mahakama duniani ambayo ingemtia hatiani kwa tafsiri hiyo. Kusema kweli alishaanza kuuvuta, ulimi umeshakaa mahali pake, na ndipo alipoinua macho akamwona Mwalimu amesimama mlangoni.

Mwalimu alikuwa amesikia. Lugha ya kigeni aliisoma vitabuni, kuiongea hakuthubutu, lakini alijua vyema sana dada yake anatafuta nini kichwani. Alimtazama. Na Bi Neno aliyajua macho hayo tangu yakiwa mgongoni kwake. Ni macho ya mtoto aliyevunja kitu na anaomba wewe usigeuke.

Kama asingeyaona macho hayo, angesema "alimsaidia" na angelala usingizi. Sasa ameshayaona.

"Neno alilotumia lina maana mbili," alimwambia Jaji. "Siwezi kumchagulia mojawapo. Muulizeni mwenyewe."

Jaji alimsogelea Kinyozi, akauliza kwa upole kama alimtajia Mwalimu mtu anayemtaka. Bi Neno akatafsiri. Mzee alicheka.

"Nimtaje wa nini? Huyu si ndiye aliyemfundisha mwanangu kusoma? Nilimwambia, mwalimu, wewe ndiye unayejua, niwekee anayefaa."

Bi Neno akayavusha. Niwekee anayefaa. Foleni iliendelea kutabasamu, kwa kuwa hapakuwa na aliyeona ubaya wowote. Jaji hakutabasamu. Akamgeukia Mwalimu, akamuuliza kama ndivyo ilivyokuwa.

Hapa inabidi kusema kwamba Mwalimu alikuwa na njia ya kutokea. Kura ilikuwa ndani ya boksi pamoja na mamia ya kura nyingine. Mawakala walimwona akiandika, lakini minong'ono kibandani hawakuisikia. Neno lake dhidi ya la mzee aliyekuwa anachekacheka: nani angembana? Alikunja vidole kwenye gauni lake la bluu.

"Ni kweli," alisema. "Nilimuuliza mara mbili, hakutaka kutaja. Watu walikuwa wanangoja juani. Nikamwekea niliyemwona mimi anafaa."

Sheria ya ukalimani ni kwamba husemi "amesema kuwa yeye." Unasema "mimi." Bi Neno alisimama wima, mikono imeshikana mbele, akasema kwa lugha ya wageni: ni kweli, nilimuuliza mara mbili, hakutaka kutaja, watu walikuwa wanangoja juani, nikamwekea niliyemwona mimi anafaa. Sauti haikutetemeka. Kijana wa ndevu aliinamisha kichwa akaandika, na alionekana kama mtu ambaye angetoa chochote ili asiandike.

Kilichofuata hakikuwa na kelele. Ofisa wa Tume ya Uchaguzi alikuja na pikipiki, akaongea na Mwalimu pembeni, kwa heshima, akampa naibu wake kituo. Ile kura haikuweza kutolewa boksini kwa kuwa haikuwa na jina. Mwalimu alivua beji, akachukua mkoba, akapita mbele ya foleni nzima iliyokuwa sasa imenyamaza. Alipomfikia dada yake alisimama.

"Lilikuwepo neno jingine, dada," alisema.

"Lilikuwepo," alijibu Bi Neno.

Mwalimu akaenda zake.

Wageni waliondoka wiki iliyofuata. Taarifa yao ilisomwa redioni: uchaguzi ulikuwa wa amani, wananchi walijitokeza kwa wingi, kasoro chache zirekebishwe. Kati ya kasoro hizo chache ilipita sentensi moja, haina jina la mtu wala la mji, kuhusu msimamizi aliyemchagulia mpiga kura asiyeona. Mtangazaji aliipita mbio kwenda kwenye bei ya mafuta. Mji mzima uliisikia sentensi hiyo peke yake.

Wakagawanyika, kama kawaida ya watu wasiohusika. Wengine walisema Bi Neno kafanya kazi yake. Wengi walisema kamuuza mdogo wake kwa watu wa ndege, watu ambao leo wapo kesho hawapo. Muuza mkaa alimuuliza usoni kama ile lugha inatamka neno "damu." Alimjibu kuwa inalitamka, na akamtajia. Huyo ndiye Bi Neno. Hata akiwa anaumia hawezi kuacha swali bila jibu.

Na aliumia. Tuseme wazi. Mwalimu hakufukuzwa shule, lakini alifutwa kwenye usimamizi wa uchaguzi, na barua ya onyo ikaingia kwenye jalada lake. Hayo Bi Neno aliyatarajia. Kitu ambacho hakukitarajia ni ukubwa wa ile saa yake ya jioni. Saa hiyo ilipofika aliinjika chai bila kufikiri, akakumbuka, akaiepua.

Mwalimu hakumtupa mama. Alikuja mchana, mapumziko ya shule, muda ambao Bi Neno alikuwa sokoni au kwenye kikao cha wastaafu. Bi Neno alirudi akakuta vikombe viwili vimeoshwa na kufunikwa, kucha za mama zimekatwa, dawa ya magoti inanukia chumbani. Siku moja alirudi mapema makusudi. Aliposikia sauti ya mdogo wake ndani, akicheka jambo na mama, alisimama nje ya ukuta na kikapu mkononi. Halafu akageuka, akazunguka mtaa mzima polepole mpaka alipoamini ameshaondoka. Aliogopa kuingia na kusikia kicheko kile kikikatika.

"Ungetia chumvi kidogo, mwanangu," mama alimwambia jioni hiyo. "Chumvi kidogo haiui mtu."

"Mama, Kinyozi alikuja kupiga kura."

"Najua. Na mimi nina watoto wawili. Hilo nalo najua."

Usiku huo Bi Neno alilala akilifikiria lile neno jingine, jinsi lilivyokuwa tayari kabisa mdomoni. Hakujuta, na hilo ndilo lililomtesa zaidi. Mtu anayejuta anaweza kwenda kuomba radhi. Yeye angekwenda kusema nini? Kwamba angerudishwa pale kibarazani angefanya vile vile? Mara mbili alivaa viatu kwenda kwa Mwalimu, mara mbili akavivua.

Mvua zikaja zikaisha. Ukakaribia uchaguzi mdogo wa madiwani, na Tume, kwa msaada wa mashirika ya nje, ikaandaa mafunzo ya wasimamizi wapya wa vituo. Bi Neno alipigiwa simu. Jaji amerudi kuyaendesha, wanahitaji mkalimani. Alitaka kukataa. Ofisa wa upande wa pili wa simu akasita kidogo, akasema, "Mama, mzungumzaji wetu wa kwanza amekataa mkalimani mwingine yeyote. Kasema kama si wewe, hasemi."

"Nani huyo?"

"Ameomba tusimtaje."

Alikwenda. Ulikuwa ukumbi wa manispaa, feni tatu juu, mbili zinazunguka. Vijana wa ualimu na ukarani walijaa, kalamu mkononi, chupa za maji mezani. Jaji aliinuka akampa mkono, akaushika kwa muda mrefu kidogo. Jukwaani palikuwa na vipaza sauti viwili, na nyuma ya kimoja alisimama Mwalimu na gauni lake la bluu.

Alipanda ngazi, akasimama mahali pake, nusu hatua nyuma, bega kwa bega. Mdogo wake hakumtazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile wasimame karibu kiasi cha kusikia mmoja wao anavyopumua.

Mwalimu alianza. Alisema sentensi mbilimbili akanyamaza, mtu anayejua kufanya kazi na mkalimani. Alieleza darasa, foleni, jua, mzee. Hakujitetea. "Nilidhani namheshimu," alisema. "Yeye naye alidhani ananiheshimu. Tukaheshimiana mpaka kura yake ikapotea."

Bi Neno akavusha: nilidhani namheshimu.

"Baadaye nilikwenda kumwomba radhi," Mwalimu aliendelea. "Akaniambia, hayo yameisha, ila nataka kujua, ulinipigia nani? Nikasema mzee, kura ni siri. Akasema, siri ya nani? Si kura yangu hiyo? Nikaona nimekwama. Nikamtajia. Kinyozi akanyamaza. Kisha akasema, eh, mwalimu. Huyo?"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mwalimu aliungoja utulie.

"Nikamuuliza, sasa mzee, kama ulikuwa na mtu wako, mbona hukunitajia? Akasema, niliona haya. Wewe ni mwalimu. Niliogopa utanisahihisha."

Hapo hapakuwa na aliyecheka. Vijana walitazama karatasi zao. Bi Neno alitafsiri niliogopa utanisahihisha, na Jaji akafumba macho kidogo. Kwa Bi Neno hilo lilikuwa jipya. Alikuwa hajui kama mdogo wake alikwenda kwa mzee. Alidhani hotuba imekwisha. Alianza kurudi nyuma kumpisha. Lakini Mwalimu bado alikuwa ameshika kipaza sauti, na sasa aliongea sentensi mojamoja.

"Siku ile dada yangu alikuwa na neno la kuniokoa, na hakulitumia."

Bi Neno akatafsiri. Siku ile dada yangu alikuwa na neno la kuniokoa, na hakulitumia.

"Nilimchukia."

Nilimchukia, alisema Bi Neno kwa lugha ya wageni, kwenye kipaza sauti, kwa sauti yake mwenyewe.

"Si kwa sababu alisema. Ni kwa sababu alinitazama akajua, na mimi nikaona kwamba amejua. Nisingeweza tena kukaa mbele yake nikanywa chai."

Hii ilikuwa ndefu, na aliivusha vipandevipande. Alipofika kwenye chai ilibidi asimame. Ukumbi ulingoja. Jaji, aliyekuwa mstari wa mbele, aliacha kuandika. Bi Neno akakaza roho, akaimalizia.

"Nimekuja mchana miezi yote hii," alisema Mwalimu, na sasa sauti ndiyo iliyokuwa inamkatika yeye, "nikiogopa kwamba nitamkuta, na nikiogopa kwamba sitamkuta."

Akavusha na hiyo. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, akayaacha yatoke, maana mikono ilikuwa imeshikana mbele kikazi.

Ndipo Mwalimu alipogeuka. Alimtazama usoni, akasema si kwenye kipaza sauti, lakini kila mtu alisikia:

"Naomba aniambie kama bado nina dada."

Bi Neno akageukia ukumbi, kama inavyompasa, akasema kwa lugha ya wageni, wazi, bila kuongeza wala kupunguza: naomba aniambie kama bado nina dada. Alipomaliza, akamgeukia mdogo wake.

"Unaye," alisema.

Mwalimu akaangukia bega lake palepale, na kipaza sauti kikapiga mluzi mpaka fundi akakizima. Kule mbele Jaji aliinama kwa kijana wa Tume akauliza mkalimani amesema nini mwishoni, kijana hakuwa amesikia vizuri, basi akamuuliza mwenyewe. Bi Neno alipangusa uso kwa kiganja, mkono mwingine ukiwa bado mgongoni kwa mdogo wake, akamjibu kwamba hilo lilikuwa la nyumbani.